Mjerumani Akija Field Moshi: Kupanga Wikiendi Zisimharibie Cheti

Kuanzia katikati ya Februari, na tena kuanzia mwishoni mwa Julai, hospitali, shule na mashirika ya Moshi hupokea wanafunzi kutoka Ujerumani wanaokuja field, yaani mafunzo kwa vitendo. Hawachagui miezi hiyo kwa sababu ya hali ya hewa. Ndipo vyuo vyao vinapokuwa havina mihadhara: katikati ya Februari hadi katikati ya Aprili, na katikati ya Julai hadi katikati ya Oktoba. Muda wa kwanza huangukia masika, wa pili huangukia msimu wa watalii wenye bei za juu. Makala haya ni kwa wanaowapokea, yaani msimamizi wa kituo, familia inayotoa chumba, au mwenzao wa idara aliyeambiwa "mtembeze mgeni".

Kazini wengi wao hawasumbui. Kinachosumbua ni Jumatatu: mgeni yuko Chalinze, basi limeharibika, na kituoni anasubiriwa. Kwa hiyo tuanze na hesabu ya siku, kisha ndiyo twende matembezini.

Mwanafunzi wa udaktari anayekuja kwa ile inayoitwa Famulatur, yaani mafunzo ya vitendo wakati wa likizo za chuo, anatakiwa kufikisha jumla ya miezi minne katika masomo yake, na ofisi za mitihani za majimbo ya Ujerumani kwa kawaida hudai kila kipande kiwe na angalau siku 30 mfululizo. Hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Kosa linalotokea zaidi liko kwenye tarehe. Mtu anaanza Agosti 3, kituo kinamwandikia "hadi Agosti 31" kwa sababu mwezi umeisha, naye anaondoka na siku 29. Siku ya 30 ni Septemba 1. Kwa siku hiyo moja kipande kizima kinaweza kukataliwa. Hesabuni kwa vidole mkiwa wote wawili, kabla hajanunua tiketi ya kurudi.

Aliye mwaka wa mwisho wa udaktari ana hesabu nyingine. Mwaka huo una wiki 48, umegawanywa vipande vitatu vya wiki 16, na kwa mwaka mzima anaruhusiwa kukosa siku za kazi 30, zisizozidi 20 katika kipande kimoja. Huyu ana nafasi ya kupumua, lakini siku alizotumia Zanzibar hatakuwa nazo akiugua. Wa uhandisi, ualimu au ustawi wa jamii kila mmoja ana kanuni za chuo chake. Mwombe karatasi ya masharti siku ya kwanza na usome saa za wiki zinazotakiwa. Usimwandikie saa 40 kama kituo chenu hufunga saa nane mchana.

Kuhusu karatasi za kuingia nchini, visa ya kawaida ya utalii ni dola 50 kwa Mjerumani, kwa muda usiozidi siku 90, na ni ya kutembea tu. Field ni kazi hata kama hailipwi. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachogusa wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wanaokuja mafunzoni. Kwa anayekaa wiki chache, kituo kiulize ofisi ya Uhamiaji mkoani ni kibali gani kinamfaa, na kiulize kwa barua, si kwa simu. Mkaguzi akija hatamuuliza mgeni peke yake, atamuuliza na aliyempa koti jeupe. Akisema anataka pia "kukusanya data kidogo" kwa ajili ya tasnifu, hilo ni jambo jingine kabisa. Anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kama ni utafiti wa afya, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Havipatikani ndani ya wiki mbili za mwisho.

Sasa wikiendi. Chukua ramani, weka Moshi katikati, kisha gawa safari kwa muda wa kurudi. Muda wa kwenda usiupe uzito, kwa kuwa Ijumaa jioni mtu ana nguvu na hana haraka.

Za siku moja ni rahisi. Materuni kuna maporomoko na kahawa ya kutwangwa kinuni. Alipe kijijini kwenye ofisi yao na achukue mwongozaji wa pale pale, asichukue kijana wa stendi. Chemka anapitia Boma Ng'ombe, barabara ya Arusha, kisha bodaboda au bajaji kwenye vumbi hadi chemchemi. Akubaliane na dereva bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na alipe nusu ya pili akisharudishwa. Jumapili pamejaa muziki na watu, kwa hiyo anayetaka kuogelea kwa utulivu aende Jumamosi asubuhi.

Wote watauliza habari za Mlima. Wikiendi haipandishi mtu Kibo. Njia ya Marangu inataka siku tano kwa uchache, na ada za hifadhi peke yake kwa siku hizo tano, pamoja na kulala vibandani, zinapita dola 600 kabla ya VAT. Kinachowezekana kwa siku moja ni kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, kama kilomita 8, saa tatu kupanda na mbili kushuka. Ada ya kuingia ni dola 70, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 82.60, na mwongozaji mwenye leseni ni lazima. Fedha taslimu hazipokelewi langoni. Hulipwa kwa kadi au kwa kumbukumbu namba, na kadi za wanafunzi hugoma mara kwa mara kwa sababu benki ya Ujerumani inataka uthibitisho kupitia simu ambayo laini yake ameiacha nyumbani. Abaki na laini hiyo kwenye simu. Ada hupangwa upya, hivyo ziangalie tena kila Julai mwaka wa fedha unapoanza. Aliyepania kilele aweke safari hiyo mwisho kabisa, cheti kikiwa kimeshasainiwa.

Ngorongoro inaingia kwenye wikiendi kwa shida, lakini inaingia. Jumamosi anaondoka Moshi, analala Karatu. Jumapili alfajiri anashuka kreta, mchana anapanda, usiku yuko Moshi. Penye ujanja ni kwenye gari. Ada ya mtu ni dola 60, lakini gari linaloshuka kreta hulipiwa dola 250, zote kabla ya VAT. Ukiweka VAT, gari ni 295. Wakiwa wawili kila mmoja anabeba 147.50, wakiwa sita kila mmoja anabeba kama 49. Ndiyo maana mwanafunzi mmoja asikubali kwenda peke yake kwa "bei ya ofa". Awasubiri wenzake wa hospitali au shule nyingine, Moshi hawakosekani. Aulize pia kwa maandishi kama bei ya kampuni imeshajumlisha ada hizo. Kampuni ya bei ya chini sana mara nyingi haijazijumlisha.

Lushoto ndiyo safari tunayoipendekeza kuliko zote, na ndiyo wanayoisahau. Apande basi la kwenda Dar au Tanga, ashuke Mombo, abadilishe gari dogo la kupanda milimani, kama kilomita 33 za kona. Afike Mombo mapema alasiri, kwa kuwa giza likiingia magari ya kupanda hupungua na madereva wa taksi hupandisha bei. Atakuta baridi, kwa hiyo abebe sweta hata kama Moshi kunawaka. Masika udongo huporomoka na njia hufungwa. Mvua ikinyesha mfululizo kuanzia Alhamisi, aahirishe. Kurudi Jumapili akate tiketi kabla, maana mabasi yatokayo Dar hupita Mombo yamejaa.

Zanzibar kwa basi kutoka Moshi haifai wikiendi ya siku mbili. Moshi hadi Dar ni kilomita 560 hivi, yaani saa kumi barabarani mambo yakienda vizuri, kisha boti kama saa mbili, na kurudi hivyo hivyo. Ama aruke kutoka uwanja wa ndege wa KIA, ama angoje sikukuu inayogusa Ijumaa au Jumatatu: Pasaka, Karume Aprili 7, Sabasaba, Nanenane, Nyerere Oktoba 14. Mpe kalenda ya sikukuu siku ya kwanza, kwani za kwao hazilingani na zetu. Tiketi ya boti ya asiye mkaazi ni dola 35 daraja la kawaida, na pasipoti yenyewe inahitajika, nakala haitoshi. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa pia kuwa na bima ya Zanzibar ya dola 44, hata kama ana bima yake ya Ujerumani. Ainunue mtandaoni kabla, asisubiri kushuka bandarini.

Mombasa inaonekana karibu kwenye ramani, na karibu huko kunaponza. Visa yake ya kawaida ya Tanzania ni ya kuingia mara moja. Akivuka Holili kwenda Taveta inaweza kuhesabiwa imekwisha, na akirudi akatakiwa kulipia nyingine. Kenya nayo inataka kibali cha mtandaoni kabla ya kufika mpakani. Halafu akirudi ataulizwa kadi ya homa ya manjano, kwa sababu sasa anatoka Kenya na si Ujerumani. Kadi hiyo inaanza kutambuliwa siku kumi baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanjwa Alhamisi hakumsaidii Jumapili.

Kuna safari moja isiyo ya mandhari ambayo ni vema aiweke kwenye wiki za mwanzo: Old Moshi. Machi 1900 utawala wa Kijerumani ulimnyonga pale Mangi (chifu) Meli pamoja na wenzake. Kichwa chake kilichukuliwa, na ukoo wake umekuwa ukikitafuta Ujerumani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilioanisha mafuvu kadhaa na jamaa walio hai Tanzania, na mwaka huo huo Novemba Rais Steinmeier alikuja Songea kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Vijana wengi wa Kijerumani wanafika hapa bila kufundishwa habari hizi, kisha mgonjwa mzee anawatajia wodini nao hawajui waseme nini. Apitie ofisi ya kijiji na aongozwe na mtu wa pale. Picha apige baada ya kuuliza. Siku hiyo hiyo isifungwe na kuogelea maporomokoni.

Ya usafiri kwa jumla: muandikie saa zote kwa namna mbili. Tiketi inasema 06:00, kondakta anasema saa kumi na mbili, na mgeni anakuja stendi mchana. Bodaboda avae kofia ngumu na asipande usiku. Asome bima yake kama inagusa pikipiki, na kama inavuka wiki sita au nane, maana bima nyingi za kawaida za safari huko kwao huishia hapo na wa miezi minne anabaki wazi bila kujua. Bima ya afya ya serikali ya Ujerumani haimfuati Tanzania.

Malaria ni ya kumkumbusha kila anapobadilisha mwinuko. Akiwa Marangu mbu hawamsumbui sana, akaacha dawa, kisha wikiendi akalala Pangani au Unguja. Anayetumia atovakwoni na proguanili anaanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kutoka. Wa doksisiklini anaendelea wiki nne, na jua litamchoma haraka. Akipata homa wiki inayofuata apimwe siku hiyo hiyo, hata kama anajiona "amechoka na safari". Asiogelee kwenye mifereji ya mpunga kusini mwa mji, kuna kichocho. Walio wodini wajue mapema chumba cha kuripoti akijichoma sindano. Dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na humezwa siku 28. Akiwa ametoka zamu Ijumaa na sindano imemgusa, safari inasubiri.

Nyumbani, kubalianeni bei ya mwezi na yaliyomo: chumba, chai ya asubuhi, chakula cha jioni, kufuliwa, umeme. Itajwe kwa shilingi, kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja na kudai malipo ya hapa nchini kwa fedha za kigeni. Muulize Alhamisi kama atakula nyumbani Jumamosi na Jumapili. Mjerumani hatakasirika kuulizwa, ila mama wa nyumba aliyepika ugali wa watu saba wakaja sita ana haki ya kununa. Na apige simu Jumapili jioni akiwa bado njiani, ili msimamizi apangie wodi au darasa watu wengine.

Rasimu ya cheti iandikwe wiki moja kabla ya kuondoka, bila sahihi. Wa Famulatur anakuja na fomu yake rasmi, msibuni nyingine. Jina lifanane na pasipoti, tarehe ya kwanza na ya mwisho ziandikwe kamili, idara itajwe, na siku alizokosa zionyeshwe kama zipo. Kuzificha kunamponza kama chuo kitalinganisha na mihuri ya pasipoti yake. Anayefadhiliwa na PROMOS au Erasmus+ atahitaji pia barua fupi ya kuthibitisha tarehe hizo hizo. Asaini daktari au mkuu mwenye cheo kilichoandikwa chini ya jina, na muhuri ugonge juu ya sahihi, wino usomeke. Tarehe ya sahihi iwe siku ya mwisho ya kazi au baada yake. Fomu iliyosainiwa siku tano mapema, kwa sababu bosi anasafiri, inarudishwa. Kama bosi anasafiri kweli, mtafuteni sasa hivi anayekaimu.