Kombe wamejaa mchanga

SWALI: Asalaam aleikum. Jumapili tulikwenda Fumba, pwani ya Unguja, na watoto kuchokoa kombe, wale wa magamba mawili wanaojificha mchangani. Tuliwaloweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya bomba. Asubuhi wengine walikuwa wameachama, ukiwagonga hawafungi, tukapika hivyo hivyo. Mchanga tele, na ndani mna maji mekundu kama damu. Tumekosea wapi? – Mama, Mwanakwerekwe

JIBU: Waalaikumu salaam, mama. Kosa ni maji ya bomba. Mchanga mnaoutafuna umo ndani, kwenye matamvua na tumboni, na kombe huutema mwenyewe akifungua gamba kupumua. Akionja maji yasiyo na chumvi hujifunga, na akikaa humo hufa.

Safari ijayo rudini na dumu la maji ya bahari, yatekwe palipo safi, si ukingoni yanapotibuka. Yakikosekana, koroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwa kila lita. Watandaze kwenye kikapu kilichoinuliwa kwa vijiti ndani ya beseni, ili wasiunyonye tena mchanga waliokwisha kuutema. Maji yawafunike kidogo tu. Ndoo iliyojaa huishiwa hewa. Weka kivulini kwa muda wa saa sita hadi kumi na mbili, ukibadilisha maji mara mbili.

Kabla ya kupika, gonga kila aliyeachama. Asiyefunga ni mfu, tupa. Tafadhali msiwapike tena hao: huharibika upesi na huumiza tumbo. Wakishafunguka sufuriani, waache wachemke dakika tano zaidi. Asiyefunguka naye tupa.

Wekundu usikutishe, ni damu yake. Kombe ana himoglobini, kile kinachoipa damu wekundu, kama sisi. Cha kutisha ni bahari yenyewe kubadilika rangi. Hapo kombe huenda amekula mwani mdogo usioonekana kwa macho, wenye sumu isiyo na harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Midomo ikifa ganzi baada ya kula, nendeni hospitali papo hapo. Msichokoe pia karibu na mtaro wa maji machafu, wala siku chache baada ya mvua kubwa.

Wakati mzuri wa kuchokoa ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku hizo Unguja maji hupwa kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi. Vaeni viatu vya soli ngumu. Watoto wasiokote konokono mwenye umbo la pia, ana mwiba wa sumu inayoweza kuua. Kombe asiyefika upana wa vidole vitatu mrudisheni, na majani ya bahari msiyang'oe: wachanga wake hushikilia humo.