Jhulan Goswami na Kombe asilolipata

Ndugu, umeuliza kama kweli Jhulan Goswami, mrushaji mpira wa kriketi wa India, alistaafu bila Kombe la Dunia. Ndiyo, na inauma. Huyu binti wa Chakdaha, Bengali Magharibi, mwaka 1997 alikuwa muokota mipira kwenye fainali ya Kombe hilo la wanawake pale uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, Australia na New Zealand wakicheza. Ndipo alipoipenda kazi. Mazoezini Kolkata alikuwa akienda kwa treni ya alfajiri.

Aliichezea India kuanzia Januari 2002 hadi Septemba 2022. Alichukua wiketi 255 (yaani mara alizowatoa wapigaji wa wapinzani) katika mechi 204 za siku moja, na alipostaafu hakuna mwanamke aliyekuwa amezifikia. Mwaka 2007 ICC, shirikisho la kriketi duniani, ilimtaja mchezaji bora wa kike wa mwaka.

Fainali za Kombe la Dunia alicheza mbili, 2005 na 2017. Hiyo ya pili, uwanja wa Lord's, London, ndiyo ya kusikitisha: alichukua wiketi 3 huku akiwaachia wapinzani mikimbio (pointi) 23 tu, halafu wapigaji wa India wakaanguka mwishoni, Uingereza ikashinda kwa mikimbio 9. Mimi simlaumu hata kidogo. Mechi yake ya kuaga ilikuwa uwanja huohuo, dhidi ya Uingereza hiyohiyo, na safari hii India ilishinda.