Ukurasa wa ruta haufunguki: usikimbilie kitufe cha kuriseti

Haya ni maswali ya wasomaji kuhusu kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya nyumbani. Tumeyafupisha.

Swali: Niliambiwa niandike 192.168.1.1 kwenye simu, nimeandika mara kadhaa, hakuna kinachofunguka. Ruta imekufa?

Kama waifai bado inaonekana, ruta haijafa. Huenda tu haitumii anwani hiyo. Kila kiwanda kina mazoea yake: TP-Link nyingi hutumia 192.168.0.1, ruta nyingi za Huawei za kutia laini 192.168.8.1, vifaa vyake vingi vya faiba 192.168.100.1, na MikroTik 192.168.88.1. Tena aliyekufungia mtandao anaweza kuwa aliibadilisha. Kubahatisha ni kupoteza muda wakati kifaa ulichoshika mkononi kinaijua anwani yenyewe.

Kwenye Android, ingia mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa nao, ushuke mpaka kwenye neno "Gateway". Kwenye iPhone, gusa herufi i iliyo ndani ya duara kando ya jina la mtandao, utafute neno "Router". Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Unachotaka ni mstari wa "Default Gateway". Namba utakayoikuta hapo ndiyo anwani ya ruta; iandike kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome), ukiitanguliza na http:// na bila www.

Ukiletewa majibu ya Google badala ya ukurasa, kivinjari kimedhani unatafuta kitu. Kagua ulichoandika: mara nyingi ni herufi O iliyokaa mahali pa sifuri, koma mahali pa nukta, au nafasi iliyopenya katikati.

Na kama anwani ya kompyuta yenyewe (mstari wa "IPv4 Address" kwenye ipconfig) inaanza na 169.254, acha kuhangaika na kivinjari. Maana yake kompyuta haikupewa anwani na ruta, hivyo haina njia ya kuufikia ukurasa wowote humo. Zima ruta, iwashe, subiri dakika mbili, kisha unganisha kwa waya badala ya waifai. Ikigoma bado, ipe kompyuta anwani kwa mkono: kama kibandiko cha ruta kinasema 192.168.1.1, weka 192.168.1.50 na barakoa ("subnet mask") ya 255.255.255.0.

Swali: Bando limeisha. Je, ukurasa wa ruta unahitaji intaneti?

Hauhitaji. Ukurasa umehifadhiwa ndani ya ruta, nawe unaufikia kwa waifai au waya tu. Shida inatoka kwenye simu: ikiona waifai haina intaneti, huhamia data ya laini kimyakimya, na huko anwani ya ruta yako haipo. Zima data. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Zima na VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali.

Wanaotumia jina kama tplinkwifi.net badala ya namba wana mtego mwingine. Jina hilo hutafsiriwa na ruta yenyewe, kwa hiyo VPN au "Private DNS" ya Android (mpangilio wa kutafsiri majina ya tovuti kwa seva ya nje) ikipeleka swali nje, hutafika. Namba haina tatizo hilo la kutafsiriwa.

Swali: Ukurasa unafunguka, lakini nikiweka nenosiri la waifai unakataa.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Nenosiri la waifai linakuunganisha na mtandao; la msimamizi linafungua mipangilio. Geuza ruta usome kibandiko cha chini, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Ruta za zamani nyingi zilitoka kiwandani na admin pande zote mbili, jina na nenosiri. Nyingi za siku hizi zinakutaka utunge lako siku ya kwanza, na hapo aliyelitunga ni fundi aliyekufungia. Mpigie. Usijaribu manenosiri mfululizo: ruta nyingi hujifunga kwa muda baada ya makosa machache, na kila jaribio linakuchelewesha zaidi.

Swali: Fundi anasema niriseti tu. Kuna madhara?

Yapo, na ndiyo maana tunasema iwe hatua ya mwisho. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu. Kuriseti kunarudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani: jina na nenosiri la waifai vinapotea, na pamoja navyo kile kilichokuwa kinakupa intaneti. Kwenye faiba, hicho kinaweza kuwa jina na nenosiri la PPPoE (akaunti ya ruta kwa mtoa huduma) na namba ya VLAN (njia anayopitishia intaneti kwenye faiba). Kwenye ruta ya laini, APN, yaani jina la njia ya intaneti ya mtandao wa simu. Utaingia kwenye ukurasa bila shida, ila nyumba nzima itakaa bila mtandao.

Kwa hiyo mpigie kwanza mtoa huduma, uandike taarifa hizo kwenye karatasi. Kama ni kifaa cha faiba alichokupa yeye, usikiguse kabla hajakubali, kwa sababu vingine havirudi hewani mpaka avisajili upya.

Ukishajiridhisha: ruta ikiwa inawaka, ingiza pini kwenye kitundu cha Reset, ushikilie sekunde 10 hadi 15 mpaka taa zibadilike, kisha uiache dakika tatu bila kuizima. Kwenye baadhi ya TP-Link kitufe cha WPS (cha kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri) ndicho hicho hicho cha kuriseti, tofauti ni muda wa kukishikilia. Waonye watoto.

Swali: Nimeongeza ruta yangu nyuma ya ile ya kampuni. Nikiandika anwani, inafunguka ya kampuni tu.

Angalia uko kwenye waifai ya nani. Lazima uwe kwenye ya ruta yako. Kama uko hapo na bado, huenda zote mbili zinatumia anwani moja. Chomoa waya unaoziunganisha, ingia kwenye yako, ubadilishe anwani yake ya LAN (upande wa ndani, wa vifaa vya nyumbani) iwe, kwa mfano, 192.168.20.1, kisha rudisha waya kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti). Ukiuchomeka kwenye LAN bila kuzima DHCP (ugawaji wa anwani) ya ruta yako, zote mbili zitagawa anwani, na vifaa vitakuwa vinapata na kukosa mtandao ovyo.

Swali: Jirani niliyempa waifai anaweza kuingia kwenye mipangilio?

Anaweza, ikiwa nenosiri la msimamizi bado ni la kiwandani. Libadilishe leo, uliandike mahali pa siri, kisha mhamishie kwenye mtandao wa wageni, ambao kwa kawaida hauruhusu kuufikia ukurasa huo.