Maswali na Majibu: Watano, padi moja, na Parasite Eve isiyo na rangi

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Sisi ni vijana watano wa maskani moja hapa Wete. Ami yangu karudi kutoka Marekani na PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, pamoja na gemu ya Parasite Eve orijino, sidii mbili. Tunataka kuicheza sote usiku baada ya Isha mpaka tuimalize. Kwenye TV yetu ya chogo picha imetulia vizuri lakini ni nyeusi na nyeupe. Umeme ukikatika tunarudi nyuma sana, na mara moja faili letu liliharibika kabisa. Halafu gemu ni ya mchezaji mmoja: mmoja anacheza, wawili wanasinzia, wawili wanagombana. Tufanyeje? Na je, tutafute sidii ya Ulaya ili rangi itoke?

JIBU: Wa alaykumu ssalam. Kabla ya rangi, niambieni mashine mmeichomeka wapi. PlayStation iliyouzwa Marekani ni ya volti 120, na ukuta wa Wete unatoa 230. Kwa kuwa inawaka mpaka leo, bila shaka ami yako kaja na transfoma ya kushushia umeme. Basi ifungeni plagi ya mashine kwenye transfoma hiyo kwa tepu, isichomoleke. Nasema hivi kwa sababu mashine nyingi za Marekani zinazoletwa kwangu zimekufa kwa njia moja: mtu kachomoa apate pa kuchajia simu, mwenzake kaja kaichomeka ukutani moja kwa moja. Fyuzi ikiwahi kukatika, mmesalimika. Isipowahi, mtasikia harufu. Mashine yenyewe haili hata wati 20, kwa hiyo transfoma ya wati 50 inatosha. Msikubali kuuziwa dude la kuendeshea friji.

Sasa rangi. Picha kutulia ni habari njema, maana yake TV yenu inaikubali picha ya Marekani inayokuja mara 60 kwa sekunde, ingawa sisi huku tumezoea 50. Kilichobaki ni rangi peke yake. Mfumo wa Marekani ni NTSC, wetu ni PAL. Ndani ya ule waya wa manjano, mwanga wa picha na rangi vinasafiri pamoja, lakini rangi imepandishwa juu ya wimbi lake dogo: megahezi 3.58 kwa NTSC, 4.43 kwa PAL. TV yenu inaisubiri rangi kwenye 4.43, haikuti kitu, inaamua picha haina rangi. Mashine ni nzima, sidii ni nzima. (PAL si ngeni hapa. Visiwani tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990, na wazee wa maskani hawatakosa kukukumbusheni.)

Kamateni rimoti, ingieni kwenye menyu, tafuteni palipoandikwa COLOR SYSTEM au SYSTEM tu. Pakiwa na AUTO au NTSC 3.58, chagueni hapo na kazi imekwisha. TV nyingi za chogo zilizopitia Dubai zina mifumo yote, ila mtu aliwahi kuigandisha kwenye PAL na hakuna aliyeigusa tena. TV za mtumba kutoka Uingereza mara nyingi hazina menyu hiyo, lakini nyuma zina tundu pana la SCART. Hapo tafuteni waya wa RGB wa PlayStation, maana RGB hupeleka nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake, na habari ya NTSC au PAL haimo tena. Mkikosa vyote viwili, azimeni TV bapa. Karibu zote zinapokea NTSC kwenye tundu la AV, lile la waya wa manjano. Kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI kinafaa pia, ingawa vya bei rahisi vinachelewesha picha kidogo, na mkwepaji risasi atalalamika.

Sidii ya Ulaya msihangaike nayo. Parasite Eve ilitolewa na kampuni ya Square mwaka 1998 Japani na Marekani tu. Hata ingekuwapo, mashine yenu ya Marekani ingeikataa, kwa sababu kila eneo lilifungiwa sidii zake. Na gemu nyingi za Japani zilizogeuzwa kwa ajili ya Ulaya zilikuwa zinakwenda polepole, karibu asilimia 17 pungufu, kwa kuwa picha 60 zilishushwa kuwa 50 bila mtu kujisumbua kurekebisha mwendo. Mlicho nacho ndicho bora.

Kuhusu umeme. Tangu 2010 Pemba inaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali si ile ya majenereta ya zamani, lakini ukikatika katikati ya pambano haujali historia. Nunueni UPS ndogo ya kompyuta, kile kiboksi chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Kosa ninaloliona kila siku ni watu kuichomeka mashine kwenye UPS na kuiacha TV nje. Umeme unakatika, mashine inaendelea kucheza gizani, na hakuna anayeona kitu! TV ya chogo ndiyo mlaji mkubwa hapo, kwa hiyo UPS ihesabiwe kwa TV kwanza. Mpangilio uwe hivi: ukuta, UPS, kisha TV na transfoma, kisha mashine. UPS ikiingia kazini transfoma inaweza kuvuma na kupata moto, kwa sababu umeme wa UPS rahisi si laini kama wa ukutani. Ni wa dakika chache tu, haidhuru. Dakika hizo si za kumalizia pambano. Ni za kukimbilia simu.

Maana katika Parasite Eve unaseivu kwenye simu zilizomo ndani ya gemu, na zimewekwa mbalimbali makusudi, ndiyo khofu yenyewe. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation ina kilobaiti 128 zilizogawanywa vyumba 15, na data inakaa bila betri, kwa hiyo kukatika kwa umeme peke yake hakuifuti. Kinachoua faili ni umeme kukatika, au kadi kuchomolewa, wakati mashine iko katikati ya kuandika. Naamini ndicho kilichokupateni. Dawa ni kadi mbili, moja kila tundu. Mkifika kwenye simu seivuni kwenye kadi ya kwanza, subirini iseme imemaliza, ndipo muandike kwenye ya pili. Hata umeme ukikatika katika sekunde mbaya kabisa, moja itakuwa nzima. Mkiwasha mashine bila sidii mtapata menyu ya kunakili faili kutoka kadi moja kwenda nyingine, kwa hiyo iliyoharibika mnaijaza upya. Meno ya kadi yafuteni kwa spiriti mara kwa mara, hewa yetu ina chumvi.

Tuje kwenye ugomvi, maana nadhani ndio uliokufanyeni mniandikie.

Bila shaka mnatumia kanuni ya kila mahali: ukifa, toa padi, yaani kile kishikio cha kuchezea. Kwa mpira au ngumi ni sawa. Kwa gemu hii ni mbaya. Hodari wenu hafi, kwa hiyo haachi padi, na mgeni anafa kwa adui wa kwanza, anakaa saa nzima. Tena ukifa mnarudi kwenye simu ya mwisho, kwa hiyo anayepokea anaanza kwa kurudia alichoharibu mwenzake, tayari kakasirika. Badilisheni: padi ihame kwenye simu. Ukifika, ukaseivu kadi zote mbili, unampa mwenzako. Ukifa kabla ya simu, unarudia wewe mwenyewe. Mtaona hata mwendo unabadilika, kila mtu anataka kuwafikisha wenzake salama.

Wanne waliobaki wawe na kazi za kweli. Ya kwanza ni mfasiri. Gemu hii haina sauti za waigizaji, mazungumzo yote ni maandishi ya Kiingereza, na hadithi ndiyo nusu ya utamu: mkesha wa Krismasi 1997, ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwimbaji wa opera anaimba na watazamaji wanaanza kuwaka moto wenyewe, na polisi mmoja mgeni kazini, Aya Brea, hawaki. Mfasiri asome kwa Kiswahili kwa sauti, na madoido kama wale wanaotafsiri muvi. Kazi hii mpeni aliyefaulu bayolojia skuli, kwa sababu adui mzima ni mitokondria, vile vijiumbe ndani ya seli vyenye DNA yake, tunavyorithi kwa mama. Gemu inaukuza ukweli huo mpaka unakuwa jinamizi, na mtu anayejua wapi sayansi inakwisha na wapi uongo unaanza atakuchekesheni sana. Onyo moja: kuna panya anabadilika umbo mapema kabisa, na linaonyeshwa taratibu. Wadogo wenu walale kwanza.

Wa pili ni jicho. Katika pambano Aya hawezi kufyatua mpaka mstari wake wa muda ujae. Kabla ya hapo anakimbia na kukwepa. Mshika padi anamtazama adui, hawezi kutazama mstari. Jicho anaita "imejaa!" na anataja uhai uliobaki. Kazi ndogo, lakini hasinzii mtu. Wa tatu ni mweka hazina, anahesabu risasi, dawa na nafasi za mzigo, maana mzigo ni mdogo na kila kiokotwacho kina kitu kinachoachwa. Wa nne achore ramani. Kwenye jengo la makumbusho mtamshukuru.

Kisha kanuni ambayo nisingeiacha hata mkiacha zote: pambano ni la mshika padi peke yake, lakini kisichorudishika ni cha wote. Katikati ya pambano hakuna kumpigia mtu kelele nini afanye. Lakini Aya akipanda leveli anapewa pointi za ziada, BP, na hizo zikishawekwa kwenye bunduki, kwenye mzigo au kwenye kasi ya mstari wa muda, zimekwenda. Vivyo hivyo vifaa vya kuhamisha nguvu kutoka bunduki moja kwenda nyingine: ile iliyotolewa nguvu inapotea kabisa. Kumbe hapo ndipo urafiki unapovunjika. Basi BP na vifaa hivyo visiguswe ila watano mkiwepo, na mkono wa wengi ndio uamuzi. Aliyekwenda msikitini asubiriwe. Rai yangu, mkitaka: chagueni bunduki moja ya kulea na msitawanye pointi kwa kila mpya inayookotwa.

Mkiimaliza, kunafunguka EX Game, mnaanza upya na silaha mliyoilea, na jengo la Chrysler lenye ghorofa 77 linakuwa wazi. Huko ghorofa zinapangwa kwa bahati nasibu, mchora ramani apumzike. Kila mmoja anaweza kunakili faili la ushindi kwenye chumba chake cha kadi na kwenda peke yake, au mgawane ghorofa kumi kumi.

Jambo la mwisho: pindueni mashine mniandikie namba inayoanza na SCPH. Ikiwa ni 1001, ndiyo iliyokuwa na lenzi karibu na pawa saplai, ikipata moto inakwama kwenye vipande vya muvi, na gemu hii inavyo vingi. Wenzenu wengi duniani waliicheza imepinduliwa juu chini na ikakubali. Jaribuni hivyo kabla ya kumpa mtu fedha za lenzi.