Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Uani Mbele ya Kamera

SWALI: Ndugu Mhariri, uani kwetu huja ndege wa kila namna, hasa asubuhi: shomoro, njiwa, na mmoja mdogo sana mwenye mdomo mwembamba uliopinda, ambaye hashughuliki na kitu kingine ila maua. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 300, lakini kila ninapowanyatia huruka kabla sijafika, na hao wachache ninaowawahi hutoka na ukungu kama waliopigwa picha moshini. Je, kasoro ni ya kamera au ni yangu?

JIBU: Kamera yako haina kasoro, na lenzi hiyo inatosha kwa kazi ya uani. Tatizo liko katika neno uliloliandika mwenyewe, kwamba unawanyatia. Mtu anayemjia ndege polepole, ameinama na kumkazia macho, kwa ndege hana tofauti na paka. Acha kumfuata, mtayarishie mahali pa kutua, kisha wewe ndiye ukae umngoje.

Weka sahani pana ya maji yenye kina kisichozidi sentimita 5, hatua chache kutoka kwenye kichaka anachoweza kukimbilia, lakini isiwe chini ya kichaka chenyewe, maana humo ndimo paka anamojificha. Kando ya sahani chomeka tawi kavu. Ndege wengi hawashuki majini moja kwa moja. Hutua kwanza juu kidogo, hugeuza kichwa huku na huku, hupangusa mdomo kwenye gome, ndipo washuke, na sekunde hizo mbili au tatu za kusita ndizo zako. Nyuma ya tawi pabaki nafasi ya mita tatu au nne kabla ya ukuta au majani, ili mandhari ya nyuma yalainike na manyoya yaonekane peke yake. Kaa ndani, nyuma ya pazia, chumba kikiwa na giza na dirisha likiwa wazi, kwa kuwa kioo hupunguza ukali wa picha. Siku za mwanzo utapata picha nyingi za tawi tupu. Mimi nilijaza kadi nzima kabla ya kumpata njiwa mmoja, tena alikuwa amenipa mgongo.

Ama ule ukungu, unatokana na kasi ndogo ya shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka na kujifunga ili kuingiza mwanga. Ndege mdogo hata akitulia hatulii: kichwa na mkia havikomi kucheza. Anza na 1/1000 ya sekunde, na kwa anayeruka panda hadi 1/2000 au zaidi. Kasi hiyo hupunguza mwanga unaoingia, kwa hiyo ongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga, kwani chembechembe zitakazojitokeza pichani zinaweza kupunguzwa baadaye kwa programu, ilhali picha iliyotikisika ni vigumu kuiokoa. Fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali zaidi, ielekeze kwenye jicho. Jicho likiwa kali, hakuna atakayelalamikia mkia. Piga mapema baada ya macheo, jua likiwa nyuma yako, nawe utaona nukta ndogo ya mwanga ndani ya jicho inayompa ndege uhai.

Huyo mwenye mdomo uliopinda yaelekea ni chozi. Yeye umngoje kwenye maua, kwa sababu hurudia maua yale yale kila yanapojaza nekta upya. Weka fokasi kwenye ua moja alilokwisha kulitembelea, uache kuhangaika na ndege mwenyewe.

Maji yabadilishe kila siku na sahani uisugue, kwani ndege wanaokunywa pamoja huambukizana maradhi.

SWALI: Katika kichaka kilicho kando ya ukuta wetu pana kiota chenye makinda matatu, ila majani yameziba. Je, naweza kukata matawi mawili matatu ili nipate picha safi?

JIBU: Usikate hata moja. Majani hayo huwakinga makinda na jua la mchana na huwaficha wasionwe na kunguru, ambaye anaweza kutambua upesi kiota kilichofunuliwa. Tena makinda yaliyokwisha kuota manyoya yakishtuka huweza kuruka nje kabla ya siku zao, na hayarudi kirahisi. Ukitaka picha, mpige mzazi akiwa njiani, kutoka mbali, bila kutumia flashi na kwa dakika chache tu. Mtazame anapokuja na kiwavi mdomoni: akitua tawi la jirani, akaita, akahamia tawi jingine bila kuingia kiotani, ujue umekaribia mno. Rudi nyuma taratibu mpaka aingie, na ikiwa umbali huo ni mkubwa kuliko uwezo wa lenzi yako, subiri makinda yaruke, kwani kwa siku kadhaa baadaye wazazi huendelea kuyalisha nje ya kiota, mara nyingine kwenye tawi la wazi kabisa.