Ukilipwa kusifia bidhaa, sema mapema

Watu wangu, vijana wanaoanza kutengeneza kontenti hapa Nairobi wananiuliza sana, ati ukipewa mafuta ya uso bure na duka, bila pesa yoyote, bado lazima useme? Ndio, sema. Cha bure pia ni malipo hata kama M-Pesa haijaingia kitu, na hata kama duka ni la dadako sema pia, kwa sababu mtu akijua atayapima maneno yako vingine.

Mimi nafuata miongozo ya FTC, ile tume ya biashara ya Marekani, ilitoka 1980 ikarekebishwa 2009 na tena 2023. Si sheria ya huku, sisi tuko na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza kumdanganya mnunuzi, lakini hawa wa FTC wanakueleza kazi yenyewe, uweke nini na wapi.

Na hapo kwa wapi ndio watu wanaharibu. Ukiandika mwisho wa kapsheni, chini ya hashitegi kibao, pale mtu mpaka abonyeze ndio aone, hujasema kitu. Kwa video sema kwa mdomo na uandike kwa skrini, maana wengine wanatazama wakiwa kwa matatu sauti imezimwa. Ukiwa laivu rudia rudia, watu huingia katikati. Na tumia lugha ile ile unayoongea, umepiga Kiswahili video nzima halafu unaficha "spon" kwa kona, mama wa Kayole atajua aje umelipwa? "Asante duka fulani" pia haitoshi. Mimi husema "nimelipwa na hili duka niwaonyeshe haya mafuta" kabla sijafungua hata kifuniko.

Kuna duka moja liliniambia nitoe hayo maneno ati yanaharibu mauzo, nikarudisha deposti na mafuta yao. Iliniuma, rent ilikuwa imekaribia, lakini hii ni ngozi ya mtu jamani, kuna krimu za kung'arisha ziko na zebaki na zebaki inaharibu figo, siwezi sifia kitu sijatumia.

Siku hizi masharti naandika kwa WhatsApp kabla ya kushika pesa: malipo nitayataja mwanzoni, na nisipopenda bidhaa sipost. Mwenye duka akikataa tunaachana hapo hapo na hakuna anayemdai mwenzake.