Kijembe na Tusi la Nguoni: Mashabiki Wauliza

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: utani wa mpira unaishia wapi? Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa nyingine zinaiegemea.

Nina banda la mpira huku Kayole: viti 50, televisheni mbili, kiingilio shilingi 50. Jumapili iliyopita shabiki wa Manchester United na wa Arsenal nusura wapasuane kwa chupa. Kila mmoja anaapa kwamba yeye alikuwa akitania na mwenzake ndiye aliyetukana. Nitajuaje utani umekwisha?
*Mwenye banda, Kayole*

Waliosomea fasihi simulizi shuleni wanakumbuka malumbano ya utani. Si kila mtu hutaniana na kila mtu. Hutaniana mashemeji, babu na mjukuu, koo zilizooana. Uhusiano hutangulia, maneno yakafuata. Ndiyo sababu mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaiita debi ya mashemeji, na majirani zetu wa Tanzania huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Huko mtani wako anakucheka arusini, na matanga yakikufika ni yeye huyo anayekuja kusaidia kazi na kuwachekesha waliofiwa. Ana ruhusa kwa sababu ana wajibu.

Sasa angalia banda lako. Waliomo wamekutanishwa na king'amuzi. Yule wa kiti cha mbele na yule aliyeingia dakika ya 60 akinuka pombe hawana ushemeji wowote. Kwa hiyo ruhusa ya kutaniana haipo mpaka waipeane, na huipeana kwa kujibizana. Mmoja akirusha, mwingine akirudisha huku anacheka, mlango umefunguliwa. Asiporudisha, haujafunguliwa.

Sikiliza pia maneno yanalenga nini. Shabiki wa Arsenal anaweza kukumbushwa ile 8-2 waliyofungwa na United pale Old Trafford Agosti 2011 hadi azeeke, naye atajibu kwamba United walimaliza nafasi ya 15 msimu wa 2024/25. Wa Liverpool atadakia na 7-0 waliyoifunga United Machi 2023. Haya yote ni madeni ya uwanjani. Kila timu inadai na inadaiwa. Lakini mtu akiambiwa kuhusu kabila lake, mamake, ulemavu wake au kodi ya nyumba aliyoshindwa kulipa, atajibu kwa mechi gani? Hapo ndipo mkono unapotafuta chupa. Wengi hudhani vita huletwa na hasira za kufungwa. Mara nyingi huletwa na mtu kukosa la kujibu mbele za watu.

Dalili ya tatu ni idadi. Kijembe cha kawaida huenda kwa kambi nzima: "nyinyi watu wa Old Trafford." Kikianza kumwandama mtu mmoja, watano wakipokezana juu yake, mambo yamegeuka hata kama kila sentensi peke yake ni ya kuchekesha. Mtazame anayeandamwa. Akiacha kujibu, akijifanya anasoma simu, akihamisha kiti, usingoje aseme "imetosha".

Kuhusu banda lenyewe, tunashauri hivi. Toa masharti kabla mpira haujaanza, kwa sauti, sentensi moja tu: timu tukana, mtu usitukane. Masharti yanayotolewa baada ya bao huonekana ni ya kumlinda aliyefungwa. Siku za mechi kubwa uza vinywaji kwa vikombe vya plastiki na chupa zibaki kaunta. Wape mashabiki wa kila timu upande wao na uache njia ya kupita katikati. Hakuna haja ya ukuta. Dakika za hatari ni mapumziko, tano za mwisho na kumi baada ya filimbi. Filimbi ikilia, usizime televisheni. Weka mechi nyingine papo hapo ili walioshinda wawe na cha kutazama, nao walioshindwa watoke kwanza bila kusindikizwa na nyimbo.

Mtu akivuka mpaka, mwite nje umwonye huko. Ukimkemea mbele ya viti 50 unamlazimisha akutunishie msuli, hata kama rohoni anajua amekosa. Akirudia, mrudishie shilingi 50 zake na umwombe aende. Hizo ni nafuu kuliko televisheni.

Na umchunguze mwenye mkeka, yule aliyeweka pesa kubashiri matokeo. Ukimwona mtu anamtukana kipa wa timu ambayo hata jina lake hawezi kulitamka vizuri, huyo hana timu, ana mkeka uliochanika. Usimwingize kwenye utani wa mashabiki. Ameshapoteza pesa, na kicheko chochote atakihesabu kuwa ni cha kumcheka yeye.

Sisi wa Ingwe (AFC Leopards) huchekwa kwa kuku na ugali, nasi tunawacheka wa K'Ogalo (Gor Mahia) kwa samaki na majivuno. Tunacheka wote. Juzi mpwa wangu, ana miaka 15, alirudi kutoka uwanja wa Nyayo akiimba wimbo wa kuwabeza watu wa Gor kwa mambo ya tohara. Huo nao ni utani?
*Shemeji, Umoja*

Hapana, shemeji. Kuku ni mboga, na aliyechekwa kwa kuku anaweza kukualika uje umle. Suala la tohara lina historia nyingine katika nchi hii. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kuna wanaume wa Kiluo, kabila la mashabiki wengi wa Gor, waliotahiriwa kwa nguvu, na Tume ya Waki iliyozichunguza ghasia hizo iliupokea na kuuandika ushahidi huo. Wimbo wa mpwa wako unapita juu ya kovu ambalo yeye, kwa umri wake, halijui. Mweleze hilo kabla ya kumgombeza.

Sheria nayo haitambui jezi. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kusema lakini imeyatoa nje ya ulinzi huo matamshi ya chuki na uchochezi wa vurugu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wala tusi si lazima liwe neno chafu. Mwaka 2022 tume ya uwiano, NCIC, ilipotoa orodha ya maneno ya kuchungwa wakati wa uchaguzi, "madoadoa" na "kwekwe" yalikuwamo. Mkulima akisema kwekwe shambani hana kosa. Anayeliimba neno hilo akiwalenga watu wa jukwaa la pili hana kisingizio hicho.

Klabu yenyewe pia huingia matatani. Kanuni za FIFA zinampa mwamuzi hatua tatu mashabiki wakibagua: kusimamisha mechi, kuiahirisha kwa muda timu zikiingia vyumbani, na hatimaye kuivunja. Tangu 2024 mchezaji anayebaguliwa anaweza kumpa mwamuzi ishara kwa kupishanisha mikono kwenye vifundo. Anayedhani sauti ya mtu mmoja hupotea katika umati akumbuke Valencia: waliombagua Vinícius Júnior wa Real Madrid pale uwanja wa Mestalla Mei 2023 walitafutwa mmoja mmoja, na Juni 2024 watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi 8.

Jukwaani, usijaribu kubishana na wimbo. Mwendee mpiga ngoma. Wimbo wa matusi hudumu pale tu ngoma inapoubeba. Ngoma ikibadilisha mdundo na kiongozi akaanzisha wimbo mwingine wanaoupenda, ule wa kwanza unakufa kabla ya ubeti wa pili. Viongozi wa matawi wanalijua hili kuliko polisi yeyote, kwa hiyo tusikubali wakituambia hawakuwa na la kufanya.

Mimi ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la mashabiki, watu zaidi ya 200, wengi wa Buruburu. Kuna mmoja anawatishia wenzake kisha anafuta. Nikimwondoa wataniita dikteta.
*Msimamizi mchovu*

Acha wakuite. Ila fuata mpangilio, ili siku ya kuulizwa uwe na la kuonyesha.

Kwanza hifadhi. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15, na kufutwa kwa wote hata baada ya siku moja. Piga picha ya skrini mara moja, na ionyeshe nambari ya aliyetuma, tarehe na saa, pamoja na jumbe mbili tatu za kabla yake, maana tusi lisilo na muktadha hubishaniwa. Kama kundi limewekewa jumbe za kujifuta baada ya saa 24, siku 7 au 90, zima mpangilio huo leo. Kosa tunaloliona sana ni watu kuisambaza ile picha kwa makundi mengine ili kumwaibisha mkosaji. Hapo na wewe umeanza kusambaza matusi.

Kisha funga mazungumzo: katika mipangilio ya kundi ruhusu wasimamizi pekee kuandika, kwa saa moja baada ya mechi kubwa, au usiku kucha ikibidi. Futa ujumbe wenyewe kwa wote. Msimamizi ana uwezo huo. Mwandikie mkosaji faraghani umtajie maneno yake yalivyokuwa. Mara ya pili, mwondoe na ulitangazie kundi kwa mstari mmoja bila kumjadili.

Vitisho vina njia yake. "Tutakunyoa Jumamosi" ni mpira. "Najua unashukia stegi gani" si mpira kamwe. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinahusu mawasiliano yanayomtia mtu hofu ya kudhuriwa, na adhabu yake hufika shilingi milioni 20 au miaka 10. Aliyetishiwa ndiye aende kituo cha polisi akaandikishe, na asitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Simu iliyopokea ujumbe aitunze, asiiuze wala kuifuta. Mahakama zetu, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, hudai hati inayoeleza ushahidi wa kielektroniki ulitolewaje na kwa kifaa gani. Picha iliyopita mikononi mwa watu kumi haina mtu wa kuisainia.

Kijana wangu ni wa Liverpool. Amekuwa akiwatumia marafiki picha za ndege akiwacheka wa United. Yeye anasema kila mtu mtandaoni hufanya hivyo.
*Mama wa mvulana, South B*

Ndege hiyo ni ya Munich, mama. Tarehe 6 Februari 1958 ilianguka ikiwa na kikosi cha United na watu 23 wakafa, wachezaji 8 miongoni mwao. Upande wa pili huwajibu wa Liverpool kwa Hillsborough, walikokufa mashabiki 97 kutokana na msongamano wa Aprili 15, 1989. Huko Uingereza nyimbo za misiba hiyo sasa hupeleka watu mahakamani.

Muulize kama angecheka mtu akimtumia kichekesho cha mkanyagano wa Nyayo wa Oktoba 2010, siku ya Gor na AFC, watu walipofia langoni. Watoto wa huku huiga utani wa huko wakidhani ni sehemu ya jezi. Hakuna haja ya kumnyang'anya simu. Afute, kisha awaandikie hao aliowatumia.

Wanaume wakishindwa hoja za mpira uwanjani huanza kuuzungumzia mwili wangu. Nikikasirika naambiwa sijui utani. Wiki jana mmoja alinishika.
*Shabiki wa kike, Kasarani*

Dada, hayo ya kukushika usikubali kuyajadili chini ya jina la utani. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kumbuka au andika kwenye simu mambo manne: lango uliloingilia, jukwaa na safu, saa, na jezi au alama ya mtu huyo. Mwendee mlinzi wa uwanja papo hapo, kabla umati haujatawanyika, maana dakika kumi baada ya filimbi mkosaji hapatikani tena. Kisha OB. Waliokuwa karibu nawe waombe nambari za simu wakati bado wameketi.

Na maneno? Mtu aliyeulizwa kuhusu safu ya ulinzi akajibu kuhusu makalio ameshashindwa hoja. Unaweza kumwambia hivyo kwa sauti, ikiwa umekaa na wenzako. Ukiwa peke yako, badilisha kiti kwanza.

Nilimtumia mwenzangu wa kazini ujumbe baada ya timu yake kufungwa, nikimwambia ajinyonge. Sikujua ana matatizo nyumbani. Hasemi nami wiki ya pili sasa.
*Mwenye majuto, Industrial Area*

Neno hilo halifai hata kwa mtu asiye na matatizo, kwa sababu hakuna anayebeba kibao cha matatizo yake kifuani. Ulilituma faraghani au kwenye kundi la kazini? Omba radhi palepale ulipokosea. Aliyetukanwa mbele ya watu 30 hawezi kuombwa radhi chooni.

Yataje maneno uliyosema. Usiseme "kama nilikukwaza", kwa kuwa hiyo "kama" humrudishia yeye mzigo. Usimweleze kwamba ulikuwa ukitania. Analijua hilo, na ndilo linalomuudhi. Usimtumie kibonzo cha kucheka. Ukimaliza, muulize hali ya nyumbani siku nyingine, mkiwa wawili, na akikujibu sikiliza bila haraka. Akionekana amekata tamaa kweli, usimwache peke yake na umhusishe mtu wake wa karibu.

Baada ya hapo nyamaza kuhusu mpira. Timu yake ikifungwa tena, pita kama hukuona. Ruhusa uliyokuwa nayo imekwisha, na ni yeye tu wa kuirudisha. Utajua ameirudisha timu yako itakapolala, simu ikalia usiku, ukakuta amekuandikia matokeo tu, bila hata salamu.